Muuguzi Ambaye Hakuulizwa

Walimwita Mratibu, na mwanzoni ulikuwa utani tu. Mama yake mdogo ndiye aliyeuanzisha, siku mkataba na mfuko wa utafiti ulipotiwa sahihi. "Haya, Mratibu," alisema, "turatibie basi na chai." Wakacheka wote, na jina likanata. Baadaye hata watoto wa jirani walimwamkia, "Shikamoo, Mratibu," naye aliitikia marahaba huku akihisi kana kwamba wanamwamkia mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kushika tama anapofikiri, na alifikiri sana. Alisomea ustawi wa jamii chuoni. Wenzake wa kwao waliopata kusoma walitafuta kazi mbali na hawakurudi, isipokuwa kwa mazishi. Yeye alirudi. Aliishi uani kwa mama yake, katika chumba cha pembeni. Chumba cha mbele alikaa mama, na upande wa pili wa ua, nyumba ya vyumba viwili, waliishi kaka yake na mkewe. Milango yote ilitazamana, na bomba la maji lilikuwa moja, katikati. Mtu hakuweza kununa mle uani bila wote kujua amemnunia nani.

Watu wao walikuwa wenyeji wa asili wa msitu uliokuja kuzungushiwa uzio. Babu zao walitolewa humo na kupewa vipande vya ardhi kando ya barabara. Tangu wakati huo hawakuishiwa wageni wenye maswali. Wamekuja waliopima vichwa vya watoto, wamekuja waliotaka damu, wamekuja waliotaka kujua wanakula nini na wanaogopa nini. Wakiondoka, hawakurudi na jibu hata moja. "Damu yetu imesafiri kuliko sisi," mama mdogo alipenda kusema. "Siku nikienda huko nje nitaikuta imeshajenga nyumba."

Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba kuna mfuko unaogharamia utafiti wa afya unaoongozwa na wenyeji wenyewe, wenyewe wachague swali, wenyewe waulize, wenyewe wamiliki majibu, mama mdogo alisoma tangazo mara mbili, akavua miwani, akasema, "Hawa wamelewa, au sisi tumekufa na kufufuka?" Wakaomba. Wakapewa. Mama mdogo akawa mwenyekiti wa kamati, na mtoto wa dada yake, mwenye cheti, akawa mratibu. Ofisi ikawa chumba kilichokuwa duka zamani. Kaunta haikung'olewa, ikafanywa meza, na ukutani rafu za sabuni na chumvi zilibaki zikiwa na alama za duara za makopo.

Swali walichagua wenyewe, na lilikuwa zito: kwa nini wanawake wetu wengi wanajifungulia nyumbani, na wengine wanafia huko, ilhali zahanati tunaiona?

Na namna ya kuuliza walichagua wenyewe. Hapo ndipo walipopigana. Wasimamizi wa maadili ya utafiti walitaka kila mwanamke ahojiwe peke yake, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mama mdogo alikataa katakata. "Kwetu anayefungiwa chumbani na kuulizwa maswali ni mwizi," alisema. "Mwanamke akifungiwa, hasemi. Akikaa na wenzake, mikono inafanya kazi, mdomo unajifungua wenyewe." Barua zilikwenda na kurudi hadi wakubwa wakachoka, wakakubali. Kamati ilishangilia siku hiyo kama waliorudishiwa msitu. Katika shangwe hiyohiyo wakapitisha kanuni ya pili, wote mikono juu, Mratibu akiwamo: wataulizwa watu wetu tu. Wengine wameshasema vya kutosha juu yetu.

Katika zahanati ile alikuwapo muuguzi mmoja. Hakuwa mtu wao kwa kuzaliwa. Alikuja kikazi akiwa msichana, akaolewa na kaka yake Mratibu, akazaa watoto wake wote pale. Alikuwa wifi yake. Walichota maji bomba moja.

Kikao ambacho Mratibu hakukisahau kilifanyika kwenye baraza ya ofisi, gunia la mahindi katikati na wanawake wameketi kwenye mikeka wakipukuchua. Kati yao alikuwapo mmoja aliyeitwa Kicheko, mama wa watoto wanne na tumbo la tano likianza kuonekana. Alikuwa na kipaji cha kusimulia msiba ukacheka, kisha ukajionea haya.

"Mimi nilifika pale mtoto yuko mlangoni," Kicheko alisema. "Nikasikia paa! Kofi la paja. Nikamwambia, dada, mlango ni huku, mbona unabisha hodi ukutani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akajifuta machozi kwa kanga, akasema, "Mimi aliniambia nanuka moshi. Nikajiuliza, alitaka ninuke nini, na kuni ndizo zinanipikia?" Wa tatu akasema alirudishwa kutoka kwenye benchi kwa sababu hakuja na beseni, akajifungulia njiani kurudi nyumbani. Huyo hakuchekesha. Mtoto wake hakuishi. Mikono ikaendelea kupukuchua.

Mratibu aliandika. Alipoinua macho alimwona mama yake, mkwe wa muuguzi, ameketi mwisho wa mkeka. Alikuja tangu mwanzo, kama kila mwanamke wa kwao, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna jambo halifai kusemwa mbele yake. Alikuwa ameshika gunzi lililokwisha punje zamani, na dole gumba lake lilikuwa bado likisugua.

Kabla jua halijazama habari zilikuwa zimeshavuka barabara. Mratibu alimkuta wifi yake bombani, bado na sare, akisuuza ndoo.

"Habari za kazi, wifi?"

"Nzuri," wifi alisema bila kugeuka. "Nasikia leo mmenisema mpaka mahindi yakaisha."

"Wifi, ule ni utafiti. Hatutaji jina la mtu."

"Ah." Akaijaza ndoo, akafunga bomba kwa nguvu. "Mtaandika nini? 'Muuguzi mmoja katika zahanati yenye muuguzi mmoja'?"

Akajitwika, akaenda. Mratibu alibaki amesimama pale na ndoo tupu, na bomba lilikuwa huru kwa yeyote mwenye kutaka maji.

Chumba, mlango na siri walivyovikataa ndivyo pekee ambavyo vingemsitiri mtu. Mratibu alilifikiria hilo kila alipokaa nyuma ya kaunta kuandika ripoti. Walikuwa wamepigania haki ya kusema mbele ya wote, wakaipata, na sasa kila mtu alijua nani kasema nini juu ya nani. Kulifuta neno hakukuwezekana, kwa kuwa walisikia wengi. Kuliandika kulimaanisha kumwandika mtu aliyemshika mama yake mkono usiku mama alipougua kifua, akakesha naye, asubuhi akaenda kazini.

Alimpigia simu dada mmoja wa mfuko, aliyesimamia mradi wao na aliyekuwa msikivu siku zote.

"Nina tatizo," alimwambia. "Matokeo yetu yanamwangukia mtu mmoja, na huyo mtu hatukumuuliza. Nadhani tulikosea. Mnaweza kututaka tumhoji? Agizo likitoka kwenu..."

"Jamani, hapana," dada wa mfuko alisema, na sauti yake ilikuwa na upole wa kweli. "Hatuwezi kuwaagiza. Hiyo ndiyo maana yote ya mfuko huu. Uamuzi ni wa jamii yenu."

"Na kama jamii imekosea?"

"Basi jamii itajirekebisha. Sisi tunawaamini, Mratibu."

Alikata simu akijisikia kama mtu aliyebisha hodi, akaambiwa kwa heshima kwamba nyumba ni yake.

Kujiuzulu alikufikiria. Mkataba ulikuwa na jina lake, na ripoti ikichelewa awamu ya pili ya fedha ingefutwa. Wangesema, ndiyo yaleyale, hawa watu ukiwaachia mambo yao hawawezi. Alimgusia mama mdogo kwamba amechoka, naye akamtazama juu ya miwani. "Umechoka? Mimi nimechoka tangu sijazaliwa. Nani mwingine atashika, niambie. Mbuzi?"

Kaka yake naye alimngojea uani, ameegemea mlango wa nyumba yake. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, mikono yake siku zote na grisi.

"Dada," alisema, "mke wangu halali."

"Najua, kaka."

"Wewe ndiye unayeshika kalamu."

"Kalamu nashika, maneno si yangu."

"Basi itupe hiyo kalamu." Akafikiri kidogo. "Au mwambie mama asinipikie tena. Ninakaa kule kwa mke, yeye kimya. Ninakuja huku kwa mama, yeye kimya. Najikuta naongea na baiskeli za watu."

Mratibu alitaka kucheka, akashindwa.

Mwishowe alikwenda zahanati mwenyewe, mchana, wagonjwa walipopungua. Lilikuwa jengo la vyumba vitatu: cha kupokelea, cha dawa, na cha kujifungulia chenye kitanda kimoja ambacho ngozi yake ya plastiki ilikuwa imepasuka na kubandikwa plasta. Wifi yake alikuwa akikunja pamba. Kiti cha muuguzi wa pili kilikuwapo, kimewekewa maboksi. Muuguzi wa pili mwenyewe hakuwahi kuletwa.

"Umekuja kama wifi au kama ofisi?"

"Sijui," Mratibu alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Wifi aliendelea kukunja. "Nina swali moja tu. Mbona mimi hamkuniuliza?"

"Kamati iliamua waulizwe watu wetu."

"Watu wenu." Alilirudia polepole. "Wanangu ni watu wenu?"

"Ndiyo."

"Mume wangu?"

"Wifi..."

"Mimi nimewazalisha mama wa nusu ya watoto wenu wanaokwenda shule. Nimeolewa kwenu, nitazikwa kwenu. Lakini mtu wenu si mimi. Sawa." Akaweka pamba chini. "Basi nisikilize hata kama huandiki. Napiga, ndiyo. Sitakudanganya. Mama akifunga miguu na kichwa kimeshafika, nina mikono miwili na hakuna wa kumshika. Ninapiga kelele, ninapiga paja, anafungua, mtoto anapita. Halafu kuna siku nampiga ambaye hakufunga miguu. Kwa sababu ya yule wa jana, au kwa sababu sijala. Hiyo nayo ipo. Na yule wa beseni..." Alitazama mlango. "Kanuni ilisema wasipokelewe bila vifaa. Niliiandika mwenyewe pale ukutani, kwa mwandiko mzuri. Yule mtoto namjua kwa siku yake. Kila mwaka naijua."

Mratibu alirudi ofisini akaandika aya mbili. Aliandika kwamba zahanati ina mhudumu mmoja, kwamba nafasi ya pili iko wazi, kwamba mhudumu huyo amekiri kuwapiga na kuwafukuza wanawake, na kwamba anafanya kazi bila mtu wa kumpokea. Hazikumtetea. Alizisoma tena na tena kuhakikisha hazimtetei. Akaziweka katikati ya ripoti, baada ya maneno ya wanawake.

Kanuni yao ilikuwa kwamba ripoti isomwe mbele ya wote kabla ya kutumwa. Walikutana kwenye ukumbi wa shule. Madawati yalikuwa ya watoto, na watu wazima walikaa magoti yamewafika kidevuni. Wifi hakuja. Mama alikuja, akaketi dirishani. Kicheko alikuja na tumbo limejaa, akahitaji dawati zima. "Hili nalo lina kura," alisema, akalipigapiga tumbo. "Hesabuni mbili."

Mratibu alisoma. Yalipofikiwa maneno ya wanawake, walitikisa vichwa, wengine walitabasamu kusikia mzaha wao umeandikwa. Alipofika kwenye aya zake mbili, hewa ya ukumbi ilibadilika. Mama mdogo alinyanyua mkono.

"Hapo pametoka wapi?"

"Nilimuuliza muuguzi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Lakini, mama mdogo, bila yeye ripoti ni nusu. Watakaoisoma wataona tatizo ni mtu mwenye roho mbaya. Watamhamisha, watasema wamemaliza."

"Inawezekana," mama mdogo alisema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mratibu. "Inawezekana unasema kweli. Lakini nisikilize, mwanangu. Sisi tumeandikwa na kila mtu bila kuulizwa. Kila tulipolia, palikuwa na mtu wa kueleza kwa nini anayetupiga naye amechoka. Mara hii moja, moja tu, maneno yetu yaende peke yake. Yasifuatwe na mtu wa kuyaeleza."

Mwanamke aliyefiwa na mtoto njiani alikuwa ameketi safu ya mbele. Alimtazama Mratibu tu, na Mratibu akashusha macho kwenye karatasi zake.

"Anayetaka aya hizo zibaki?" mama mdogo aliuliza.

Mratibu alimtazama mama yake dirishani. Alimtazama kama alivyomtazama utotoni alipotumbukia kwenye shimo la takataka, akijua kwamba mkono utashuka. Mama alikuwa akitazama nje. Mkono wa Mratibu ulikuwa peke yake juu, na baada ya muda aliushusha.

"Anayetaka zitolewe?"

Ilinyanyuka mikono kama shamba la mahindi. Wa mama ulinyanyuka mwisho, nusu, ukashuka haraka.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa na ripoti mbili asubuhi iliyofuata, ile yenye aya na ile isiyo nazo. Hakuna aliyemsimamia. Kutuma hii badala ya ile kulihitaji kubonyeza mara moja, na mfuko usingejua. Mratibu alikaa mbele yake hadi chai yake ikaota utando. Alijua vizuri kwamba akituma yake, atakuwa mtu wa mwisho katika ule msururu mrefu wa waliochukua maneno ya watu wale wakaenda kuyapanga upya walivyoona inafaa. Na akituma yao, atakuwa amemfanyia mtu mmoja kile hasa walichofanyiwa wao. Alitafuta njia ya tatu, kama mtu anavyopapasa ukuta gizani akitafuta swichi, na ukuta ulikuwa ukuta tu.

Akatuma yao.

Kisha akafunga ofisi, akaelekea zahanati. Alitaka wifi yake asisikie kwa mwingine. Njiani alipanga maneno ya kuanzia, akayapangua. Alipofika alisikia sauti kutoka chumba cha ndani.

"Nani huyo? Ingia! Ingia, nawa mikono, haraka!"

Kitandani alikuwa Kicheko, jasho linamchuruzika, nywele zimefumuka. Wifi alikuwa ameinama miguuni pake, glavu zimelowa.

"Mshike mabega," wifi alisema. "Asirudi nyuma. Mshike!"

Mratibu alimshika. Kicheko alimtazama kwa chini, akamtambua, akasema kwa pumzi iliyokatika, "Mratibu... umekuja kuandika?" Akajaribu kucheka, uchungu ukamchukua.

"Sukuma! Usifunge! Fungua hiyo miguu, unataka kumuua?"

Miguu ilijifunga. Mratibu aliona mkono wa wifi ukinyanyuka, akausikia ukitua pajani, paa, vilevile kama ilivyosimuliwa. Akamwona Kicheko akishtuka, kinywa wazi. Miguu ikaachia. Mtoto akatoka, wa rangi ya buluu, amezungukwa shingo na kitovu chake mwenyewe, kimya.

Yaliyofuata Mratibu aliyaona kama mtu anayetazama mikono tu. Mikono ilitegua kitovu, ikamlaza mtoto, ikamsugua mgongo kwa kitambaa, ikambana usoni kile kifaa cha kupulizia hewa, ikabonyeza, ikaachia, ikabonyeza. Kicheko alirudia neno moja, "Dada, dada, dada." Halafu kikatoka kisauti chembamba chenye hasira, kikakatika, kikaanza tena, kikawa kilio.

Wifi alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, akamfunika. Kicheko alilia machozi bila sauti, kisha akajishika paja, pale palipokuwa pamewiva alama ya vidole, akalifunika kwa kanga.

"Umeona?" wifi alimwambia Mratibu, bila kumtazama, akipangusa paji la uso kwa mkono, juu ya kiwiko. Hakusema ameona lipi kati ya yale mawili. "Haya, hilo nalo liandike."

Nje, mtu alipita na baiskeli akipiga kengele. Wifi akageuka, na alipouona uso wake, alielewa.

"Imekwenda?"

"Asubuhi hii."

"Na maneno yangu?"

"Waliyatoa. Nilinyoosha mkono peke yangu."

Kitandani, Kicheko alikuwa amefumba macho. Kope zake zilicheza. Alikuwa akisikia kila neno, na jana mkono wake ulikuwa juu pamoja na mingine.

Wifi alisimama kidogo, mikono ya glavu imening'inia mbele yake, haiwezi kugusa kitu chochote kisafi. Kisha akainama tena.

"Kondo la nyuma halijatoka," alisema. "Usiondoke. Mshike hapo hapo."

Mratibu akashika.